Hadaa ya Mtandaoni: Jina Sahihi, Kinga Sahihi

Hadaa ya mtandaoni ni kitendo cha kumlaghai mtu kwa ujumbe, simu au ukurasa wa uongo ili yeye mwenyewe atoe siri yake au atume fedha zake. Uzito wa fasili hii umo katika maneno mawili: "yeye mwenyewe". Mwizi wa aina hii havunji kufuli wala hagusi programu ya simu. Humwendea mtu, akamsemesha, na mtu huyo ndiye anayefungua. Kwa hiyo jina tunalolipa kosa hili si jambo dogo. Likituelekeza kwenye mashine, tutailinda mashine na kumwacha mtu peke yake.

Mahali pazuri pa kulipima jina hilo ni Mudende, moja ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Ni nyanda za juu zenye baridi, upande wa milima ya volkano, na watu wake hufuga ng'ombe wa maziwa na kulima viazi. Ukiteremka unafika mji wa Gisenyi, na ukivuka mpaka uko Goma, nchini Kongo. Nyumbani watu huongea Kinyarwanda, lakini Kiswahili hakiko mbali: kiko sokoni, mpakani na kwenye magari. Wafanyabiashara wanaovuka mpaka wengi wao wana laini mbili, ya Rwanda na ya Kongo. Ujumbe wa uongo basi waweza kuingia nyumba moja kwa lugha zaidi ya moja. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na lugha rasmi ina wajibu wa kumpa mzazi neno la kumwonyea mwanawe.

Simu moja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mama anayeuza maziwa huko Mudende. Simu inaita, namba haifahamu. "Mama, habari za asubuhi? Naongea kutoka kampuni ya simu." Kisha mpigaji anamtaja kwa majina yake yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mama anaamini papo hapo, kwani mtu baki angeyajuaje?

Angeyajua kwa urahisi. Mtu akianza kukutumia pesa kwa simu, mtambo humwonyesha jina la mwenye namba kabla hajathibitisha. Mwizi huandika namba yako, husoma jina lako, hufuta muamala, kisha hukupigia. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja wala haimgharimu kitu.

Sasa anaeleza shida. Akaunti ina hitilafu na itafungwa leo, pesa zilizomo zitakwama. Dawa ipo: mama afuate maelekezo. "Bonyeza nyota, 182, nyota, moja, nyota, moja, nyota." Kisha anamsomea tarakimu kumi na kumwambia hiyo ni namba ya fomu yake. Nyota tena. "Sasa andika msimbo wa uhakiki: mbili, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Malizia na alama ya reli."

Yeyote anayetumia MoMo, huduma ya pesa kwa simu, nchini Rwanda anajua kwamba *182# ndio mlango wa huduma hiyo. Asichokumbuka mtu aliyeshikwa na hofu ni kwamba moja ya kwanza inamaanisha kutuma pesa, na moja ya pili inamaanisha kumtumia mteja wa mtandao huohuo. Ile "namba ya fomu" ni namba ya simu ya mpokeaji. Ule "msimbo wa uhakiki" ni kiasi: faranga 20,000. Kioo kinaonyesha wazi jina la mpokeaji na kiasi kinachotumwa, na ndiyo maana mpigaji anaharakisha: "Usisome hayo, mama, yatapita. Weka namba ya siri upesi kabla mtambo haujafunga." Mama anaweka. Pesa zimekwenda.

Tutazame vizuri kilichotokea. Mama hakumtajia mtu namba yake ya siri. Aliibonyeza mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe, kama alivyofundishwa. Lile onyo tunalolisikia kila siku, "usimpe mtu namba yako ya siri", amelitii kikamilifu, na bado ameibiwa.

Neno lilikotoka

Kwa Kiingereza kosa hili huitwa phishing. Neno lilizaliwa Marekani katikati ya miaka ya 1990, miongoni mwa vijana waliokuwa wakiiba akaunti za wateja wa America Online, kampuni iliyokuwa ikiwaunganisha watu na intaneti. Walijifanya wafanyakazi wa kampuni, wakawaandikia wateja kwamba akaunti zao zina tatizo, wakaomba nenosiri ili "kuhakiki". Mwaka 1995 ilienea programu iitwayo AOHell iliyoifanya kazi hiyo iwe nyepesi, na neno lenyewe limeonekana katika maandishi ya mwanzoni mwa 1996. Waliolitunga walichukua neno la kuvua samaki, wakaibadili herufi ya mwanzo kwa kuwaiga wajanja waliowatangulia, wale waliokuwa wakichezea mitambo ya simu ili wapige bure.

Ukilinganisha barua ya America Online na simu ya Mudende utaona kwamba mbinu ni ileile: cheo cha uongo, tatizo la uongo, haraka ya uongo. Vifaa vimebadilika, mlengwa ni yuleyule. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, linapochapisha idadi ya malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kila mwaka, kosa hili limekuwa likiongoza kwa miaka kadhaa mfululizo.

Majina yanayoshindana

Waandishi na wafasiri wa Kiswahili wana njia kadhaa za kulitaja kosa hili, na kila njia inafaa kupimwa kwa mfano wa yule mama.

Njia ya kwanza ni kutohoa na kusema "fishingi". Neno hilo halimwambii kitu asiyejua Kiingereza, na anayekijua litampeleka kwenye samaki.

Njia ya pili ni kutafsiri taswira yenyewe: "uvuvi wa data". Lakini uvuvi kwa Kiswahili ni kazi ya heshima. Wavuvi wa Ziwa Kivu hulala majini na taa zao wakitafuta sambaza za kulisha watoto, na jina lao halistahili kubandikwa wezi. Katika taswira hiyo kinachofaa kubaki ni neno "chambo", kwa maana ya kile kinachomvuta mlengwa: zawadi, kazi, mkopo wa haraka, salio la bure.

Njia ya tatu ni "wizi wa data binafsi", ambayo utaikuta katika tafsiri za programu. Ina kosa la kutaja mavuno na kuiacha mbinu. Isitoshe, yule mama hakuibiwa data. Aliibiwa pesa za maziwa, kwa kidole chake mwenyewe.

Njia ya nne ni "udukuzi". Kudukua lilikuwa neno la kunyatia mazungumzo ya watu kwa siri, na leo limekubalika kwa maana ya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Ni istilahi nzuri ikikaa mahali pake. Hapa si mahali pake, kwa sababu hakuna mfumo ulioingiliwa: mtambo ulipokea amri halali kutoka kwa mteja halali.

Njia ya tano, "utapeli", imekaribia zaidi. Ila utapeli ni mpana mno. Anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili ni tapeli, na hajagusa simu.

Linabaki "hadaa". Lina asili ya Kiarabu, lakini limekaa katika Kiswahili hadi likawa methali: dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Linataja mbinu, yaani kumfanya mtu aamini kisicho kweli. Linanyumbulika bila taabu: mwizi anahadaa, mlengwa anahadaiwa, aliyekubali amehadaika, ujumbe ni wa kuhadaa. Ukiongeza "ya mtandaoni" umeshaweka mpaka wa istilahi. Kinyarwanda nacho kinakazia palepale, kwani matapeli wa namna hii huitwa abatekamutwe, na ukilichambua neno hilo unapata kupika na kichwa. Lugha zote mbili zimeiona shabaha ya mwizi: akili ya mtu.

Maneno matatu, kinga tatu

Faida ya kuwa na istilahi sahihi inaonekana tunapotenganisha vitenzi vitatu ambavyo huwa tunavichanganya.

Simu ikichukuliwa mfukoni sokoni, mtu ameibiwa. Kinga yake ni kuweka kifungio kwenye kioo na kuizima laini mapema. Programu mbaya ikijipenyeza ndani ya simu na kusoma yaliyomo, mtu amedukuliwa. Kinga yake ni kusasisha programu, kupakua kutoka kwenye duka rasmi tu, na kutokubali faili lisilojulikana linalozunguka kwenye makundi. Mtu akishawishiwa akabonyeza mwenyewe, amehadaiwa. Hapa kifungio hakisaidii, na kusasisha hakusaidii. Kinga yake ni kutua, kusoma na kuuliza.

Familia ikijua tofauti hiyo itaacha kununua dawa isiyotibu. Wengi baada ya kuhadaiwa hubadilisha simu, wakadhani wamepona, kumbe mlango ulioingiwa ulikuwa mazoea yao, nayo hawajayagusa.

Kanuni za nyumbani

Kwa hadaa ya simu, kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna haraka. Hakuna kampuni ya simu, benki wala ofisi ya serikali inayohitaji ubonyeze kitu wakati mtu yuko hewani anakusomea. Kata simu. Kama tatizo ni la kweli, utalikuta bado lipo ukipiga mwenyewe namba rasmi ya huduma kwa wateja au ukienda kwa wakala unayemfahamu.

Kanuni ya pili: kioo kisomwe kabla ya namba ya siri kuwekwa. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wa nyumbani kwake, si na wakala wala mpita njia. Watoto wa shule wa Mudende wanaweza kuifanya kazi hii, na wafundishwe kusoma vitu viwili tu: jina la mpokeaji na kiasi.

Kanuni ya tatu ni ya ujumbe wa "nimekosea namba, nirudishie pesa zangu". Usitazame ujumbe, tazama salio. Piga *182# uangalie mwenyewe kama pesa zimeingia. Watanzania nao wameizoea sura nyingine ya chambo hiki, ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", unaomvizia mtu ambaye kweli alikuwa na deni la kulipa.

Kanuni ya nne ni ya WhatsApp. Zile tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe ni ufunguo wa akaunti yako. Ndugu anayekuandikia kwamba amezituma kwako kwa bahati mbaya, huenda akaunti yake imeshachukuliwa na mwizi anataka yako pia. Usizitume. Mpigie ndugu huyo umsikie sauti. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio, ili tarakimu hizo peke yake zisitoshe.

Kanuni ya tano: kagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nchini Rwanda unapiga *125#. Laini usiyoijua inayotumia jina lako yaweza kuwa ndiyo inayowahadaa wengine.

Aliyehadaiwa aseme

Yote haya yanakwama pale aliyehadaiwa anaponyamaza, na wengi hunyamaza kwa aibu. Mama anaogopa mumewe atamwita mjinga. Kijana anaogopa baba atamnyang'anya simu. Saa zinapita, pesa zinahamishwa kutoka namba hadi namba, na jirani anapigiwa simu ileile jioni bila mtu wa kumwonya.

Hapa ndipo sarufi ya neno inapotusaidia. Tukisema "amejitakia", kosa linamwangukia yeye. Tukisema "amehadaiwa", kitenzi chenyewe kinadai mtendaji: nani amemhadaa? Sheria nayo inamtafuta huyohuyo. Rwanda ina sheria ya mwaka 2018 ya kuzuia na kuadhibu makosa ya mtandaoni, Kenya ina yake ya mwaka huohuo, na Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Hakuna hata moja inayomwadhibu mtu kwa kuhadaiwa.

Basi likitokea, mambo ni matatu na yafanywe kwa mfuatano huu: piga simu kwa kampuni inayotoa huduma uombe muamala uzuiwe, toa taarifa kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, kwa namba 166 isiyo na malipo, ukiwa umehifadhi namba ya mwizi na ujumbe wake, kisha waambie watu wa nyumbani na majirani, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, maneno hasa aliyoyatumia. Anayesema mapema huenda akaokoa pesa zake, na hata zikipotea atakuwa amemkinga anayefuata kupigiwa.