Kuti

Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi pwani ya Tanga. Asubuhi moja nilimwita msichana wa darasa la nne asome sentensi ya Kiingereza ubaoni. Alipofika kwenye neno "cut" akalisoma "kuti". Darasa likaangua kicheko, maana paa lililotufunika lenyewe lilikuwa la makuti. Na mimi nilicheka. Kisha nikamwamuru alirudie mara kumi, amesimama. Tangu siku ile hakunyosha mkono tena katika kipindi changu.

Kosa lake lilikuwa nini hasa? Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake. Waingereza wana herufi hizo hizo tano, lakini irabu fupi wanazozitamka kwa mkazo ni sita. Herufi "u" imebebeshwa mbili: ile ya "put", iliyo jirani na u yetu, na ile ya "cut", iliyo jirani na a yetu. Wazee wetu waliopokea maneno kwa sikio wakatupatia basi na klabu. Mtoto yule alisoma kwa jicho, kama tulivyomfundisha kusoma lugha yake.

Mwaka 1981 alikuja mgeni, fundi wa pampu za maji, mzaliwa wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Akawaeleza wanafunzi jinsi mabomba yanavyokatwa, na kila alipolitaja neno lile alisema "kut". Hakucheka mtu. Sisi walimu tuliitikia kwa vichwa, kwa adabu zote. Msichana yule, sasa wa darasa la saba, alinitazama kutoka dawati la nyuma. Nikainamisha macho.

Ilinichukua miaka kupata maelezo yake vitabuni. Hadi kama mwaka 1600, "cut" na "put" yalikuwa na irabu moja, u fupi. Katika karne ya 17 watu wa kusini mwa Uingereza, London ikiwemo, walianza kuifungua midomo katika maneno mengi ya namna hiyo. Yalibaki machache, hasa yale ambayo u hufuata sauti ya midomo: "put", "full", "bush". Lakini hata hapo hakuna kanuni ya kuaminika, kwani "but" nalo lina b na lilikwenda na wenzake. Watu wa kaskazini wengi hawakufuata mageuzi hayo, na hawajafuata hadi leo. Tahajia nayo ilikuwa imeanza kuganda tangu Caxton alipofungua uchapaji Westminster mwaka 1476, kwa hiyo herufi ikabaki pale pale huku sauti ikihama.

Basi niliyemwadhibu alikuwa amesoma Kiingereza cha kale, tena cha watu walio hai. Sisemi asingefundishwa matamshi ya mtihani, ilipasa afundishwe. Lakini kicheko changu hakikuwa somo.

Nilikutana naye mwaka 1994 katika stendi, amebeba mtoto mgongoni. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamweleza habari yote ya Yorkshire, na ya London, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akimbembeleza mtoto.

"Nilijua siku ile alipokuja yule mzungu, Mwalimu," akasema. "Haya, basi letu linaondoka."