Ukomavu wa tunda na mbegu ya mwarobaini

Mwarobaini (Azadirachta indica) ni mti wenye asili ya Asia ya Kusini, uliozoeleka sana pwani ya Afrika Mashariki. Uotaji wa mbegu yake hutegemea mno hali ya tunda siku lilipochumwa. Tunda likiwa bado kijani, kiinitete hakijakomaa: mbegu ina maji mengi na akiba haba ya chakula, na ikikaushwa hunyauka na kufa. Wakati bora wa kuchuma ni kijani kinapogeuka manjano. Lililoiva kabisa nalo hufaa, ila lisicheleweshwe, kwani likianguka na kulala chini ya mti nyama yake huchacha na ukungu huingia hadi ndani.

Nyama huondolewa mapema kwa kusugua na kuosha, kisha mbegu huanikwa kivulini. Kosa baya zaidi, na la kusikitisha kwa kuwa huepukika kirahisi, ni kufungia mbegu mbichi kwenye mfuko wa plastiki. Hukosa hewa na kuoza. Hata zilizochumwa vyema hupoteza uhai upesi katika joto la kawaida, kwa hiyo zipandwe kitaluni mapema.