Fonti nene, iliyobanwa na ya mlazo: Kwa nini inapendwa, na wapi usiitumie

Tangazo la ofa, bango la mechi, kichwa cha habari cha michezo. Mara nyingi ukivifungua kwenye simu unakutana na herufi za aina moja: nene, zimesogeleana, zimelala kidogo upande wa kulia na hazina vijimkia kwenye ncha. Hii hapa maana yake na matumizi yake.

Ni mambo manne kwa pamoja

Unene huvuta jicho. Kubanwa hupunguza upana wa herufi bila kupunguza urefu. Mlazo hutoa hisia ya mwendo. Kukosa vijimkia, yaani kuwa sanserifu, huzifanya herufi zionekane safi kwenye kioo kidogo.

Vyote havikuzaliwa siku moja. Mwaka 1501, mjini Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa kitabu kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Sanserifu ya kuchapia ilionekana London mwaka 1816, kwenye katalogi ya William Caslon IV.

Simu za Android zilipata fonti ya Roboto mwaka 2011, kazi ya Christian Robertson. Familia yake ina toleo lililobanwa, likiwemo lile nene la mlazo.

Kiswahili kinaihitaji

Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "hawajatulipa", "tutakapowaona". Kwenye kioo chembamba cha simu, neno kama hilo kwa fonti pana linakatika au linashuka mstari. Ukibana herufi, linakaa.

Angalia pia jina la eneo la Urithi wa Dunia lililoandikishwa UNESCO mwaka 1981: Magofu ya Kilwa Kisiwani na Magofu ya Songo Mnara. Hayo ni maneno 9, herufi 41. Kuyapanga kwenye kibao kimoja si mchezo.

Kilwa walishabana herufi zamani

Wataalamu wa mambo ya kale wamefukua Songo Mnara mamia ya sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande hizo zina vina. Yote hayo kwenye kipande kidogo kuliko kizibo cha soda. Hiyo haikuwa fonti, ila tatizo ni lile lile: maneno mengi, nafasi finyu.

Inapoharibu

Herufi ikiwa nene na imebanwa, nafasi ya ndani huziba. Hapo 3, 6 na 8 zinaanza kufanana. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Ukikosea moja tu, umeme hauingii. Namba za malipo, dozi ya dawa na namba za simu ziandikwe kwa fonti iliyosimama, yenye nafasi.

Kuna pia alama ya king'ong'o. Katika "ng'oa" ile alama ndogo ikimezwa na unene wa herufi, msomaji anabaki na "ngoa", neno lenye maana nyingine.

Na kibao cha nje? Anayekaribia kisiwa kwa boti anasoma akiwa mbali, huku chombo kikiyumba. Herufi zilizobanwa huungana zikionekana kwa mbali. Jina la mahali na onyo la usalama vinataka herufi pana zilizosimama. Ya mlazo ibaki kwenye kaulimbiu.

Kabla hujaitumia

- Itumie kwa maneno machache: kichwa cha habari, bei, jina la timu. Aya nzima itachosha macho.
- Pakua faili halisi la mlazo. Lisipokuwepo, programu huzilaza herufi yenyewe na maumbo yanapinda vibaya.
- Soma leseni. Fonti ya bure kwa matumizi binafsi huenda isiruhusiwe kibiashara.
- Andika 0, 3, 6, 8, 9, kisha "I", "l" na 1. Punguza hadi saizi ya simu, umpe mtu mwingine asome. Akisita, badilisha fonti.