Kipofu Aliyeziona Njia za Vitenzi

Kitenzi ni moyo wa sentensi. Asiyejua kukigeuza hajaijua lugha. Historia ya Kijapani yatufundisha jambo hili.

Mwaka 1577 kijana Mreno, João Rodrigues, alifika Japani. Kati ya 1604 na 1608 kitabu chake kikubwa cha sarufi ya Kijapani kilipigwa chapa mjini Nagasaki. Kazi yake yastahili sifa, lakini alivipanga vitenzi kwa vipimo vya Kilatini. Kilatini hukigeuza kitenzi kwa kumfuata mtendaji, Kijapani sivyo. “Kaku”, yaani kuandika, haibadiliki, awe mwandishi ni mimi, wewe au wao.

Njia ya kitenzi chenyewe ilidhihirishwa na Motoori Haruniwa, mwana wa mwanachuoni Norinaga. Alizaliwa mwaka 1763, akapofuka macho yote mawili kabla ya kutimiza miaka arobaini. Upofu haukumzuia kutafuta elimu. Mwaka 1808 kilitoka kitabu chake, Kotoba no Yachimata, maana yake njia panda za maneno. Aliyagawa maneno hayo katika makundi, akaonyesha jinsi mwisho wake unavyopita katika irabu kwa utaratibu: kaka, kaki, kaku, kake. Hata leo mwanafunzi hupita humo: kakanai hukanusha, kakimasu huleta adabu, kakeba huleta sharti.

Ndugu msomaji, kila lugha ina sheria zake. Haifai kuishonea nguo kwa kipimo cha mwenziwe.