Waya Uliopita Juu: Bunge na Umeme wa Tororo na Busia

Msafiri atokaye Jinja kwenda Tororo, kisha akavuka mpaka wa Malaba na kuingia Kenya ya Magharibi, hukuta minara ya chuma iliyobeba nyaya nene za umeme ikiandamana naye mwendo mrefu. Chini ya nyaya hizo zimo nyumba nyingi ambazo kwa miaka mingi zilimulikwa kwa kibatari. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya nyaya hizo. Hatutaieleza kwa upande wa mitambo, kwani hiyo ni kazi ya mafundi, bali kwa upande wa maamuzi: ni nani aliyeamua zijengwe, ni nani aliyeulizwa, na aliulizwa wakati gani. Swali hili la wakati ndilo kiini cha makala yetu.

Mpaka na watu wake

Yafaa tukumbuke kwanza kuwa mpaka wenyewe si wa zamani sana. Hadi Aprili 1902, nchi yote kuanzia Naivasha kuelekea magharibi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo serikali ya Kiingereza ilikata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hivyo Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanyika, na mji wa Busia ukaja kuwa miji miwili yenye jina moja. Tororo, mji ulio chini ya jabali maarufu, ukabaki upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Mji huo ndio uliokuja kuwa mlango wa umeme.

Bwawa na barua za wakubwa

Mwaka 1947, Charles Westlake, mtaalamu kutoka Uingereza, alitoa taarifa yake kuhusu nguvu za maji ya Mto Nile panapotoka Ziwa Viktoria. Gavana Sir John Hall aliipokea kwa shauku. Sheria ya kuunda Bodi ya Umeme ya Uganda ikapitishwa mwaka huohuo katika Baraza la Kutunga Sheria, na bodi ikaanza kazi mwaka 1948. Waafrika walikuwa wameingia katika Baraza hilo mwaka 1945 tu, nao walikuwa watatu, wote wa kuteuliwa. Hapana shaka watu hao hawakuwa na uwezo wa kuizuia serikali wala kuilazimisha ieleze mambo kinaganaga.

Mwaka 1949 serikali za Uingereza na Misri zilibadilishana barua kuhusu bwawa la Owen Falls. Misri ilitaka ziwa litumike kuwa ghala la maji yake, na ikapewa haki ya kumweka mhandisi wake bwawani ili asimamie kiasi cha maji yanayopita. Mkulima wa Bukedi hakuwa na mahali pa kuuliza. Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa hilo. Mpango ulikuwa kwamba mashine 10 zitoe jumla ya megawati 150.

Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa mpango ulikuwa umetangulia matumizi. Viwanda vilijengwa Jinja, na Tororo kukawa na kiwanda cha saruji, lakini umeme ulikuwa mwingi kuliko wanunuzi. Ingewezekana kuushusha umeme huo vijijini polepole, ingawa gharama ingekuwa kubwa na mapato madogo. Njia iliyochaguliwa ilikuwa nyingine, nayo ni kuuza nje.

Mkataba wa 1955

Mwaka 1954 iliundwa Kenya Power Company, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujenga njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tororo hadi Nairobi. Mwaka 1955 mkataba ulifanywa wa kuiuzia Kenya umeme kwa jumla, megawati 30, kwa muda wa miaka 50. Mwaka 1958 umeme wa Nile ukaanza kupita Tororo, ukavuka mpaka, ukapanda nyanda za juu na kuwasha taa za Nairobi.

Tulinganishe tarehe hizo na tarehe za uchaguzi. Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957. Kati ya wajumbe wanane waliochaguliwa walikuwamo Masinde Muliro na Oginga Odinga, wote kutoka upande wa Nyanza. Waganda nao, katika wilaya kadhaa, walipiga kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza mnamo Oktoba 1958. Kwa hiyo mkataba wa miaka 50 ulitiwa saini miaka miwili kabla ya mchaguliwa wa kwanza wa Kenya kuingia barazani, na miaka mitatu kabla ya wenzake wa Uganda. Walipofika, nguzo zilikuwa zimekwisha simama. Wangeweza kusema, lakini maneno yao yasingebadili saini.

Hatusemi kuwa biashara ile ilikuwa haramu. Mapato yake yalisaidia kulipa deni la bwawa, na viwanda vya Kenya vilinufaika. Tunasema tu kwamba mtu wa Tororo aliona mali ikipita juu ya paa lake, na hapakuwa na mtu wake aliyeuliza kwa nini isishuke.

Miaka ya kimya

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na wabunge wakapata mamlaka kamili. Mamlaka hayo hayakudumu. Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali, na kwa miaka minane nchi haikuwa na Bunge. Februari 1976 alidai kuwa sehemu ya Kenya ya Magharibi ni ya Uganda, akifufua habari za mpaka wa kale. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Desemba 1987, utawala ukiwa mwingine, askari wa nchi hizi mbili walirushiana risasi pale Busia. Ajabu ni kwamba biashara ya umeme haikufa pamoja na Jumuiya. Kenya nayo ilikuwa ikijenga mabwawa yake katika Mto Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, ili isitegemee mno jirani. Wakati huo mashine za Owen Falls zilichakaa bila Bunge la kudai hesabu ya matengenezo.

Kamati ya mwaka 2011

Sheria ya Umeme ya 1999 iliivunja Bodi ya Umeme. Kazi zake ziligawiwa kampuni tatu mwaka 2001, moja ya kuzalisha, moja ya kusafirisha na moja ya kusambaza. Kuanzia Machi 2005 usambazaji ulikodishwa kwa miaka 20 kwa kampuni iliyoitwa Umeme, iliyoanzishwa na Globeleq ya Uingereza na Eskom ya Afrika Kusini. Wakati uleule kina cha Ziwa Viktoria kilishuka, mgao wa umeme ukawa mkali, na serikali ikakodi mitambo ya mafuta iliyokula ruzuku nyingi.

Mwaka 2011 Bunge la Uganda liliunda kamati maalumu ya kuchunguza sekta ya nishati. Mwenyekiti wake alikuwa Jacob Oboth, mbunge wa Budama Magharibi Kusini, katika wilaya ya Tororo. Hivyo mtu wa mahali pale pale umeme ulipopita tangu 1958 sasa alikuwa na kiti, na alikuwa na uwezo wa kuwaita mawaziri na wakurugenzi waje kujibu. Kamati iliuliza maswali ambayo hayakuulizwa mwaka 1955. Kwa nini mwekezaji ahakikishiwe faida ya asilimia 20? Kiwango cha umeme unaopotea njiani kilipangwaje, na nani analipa upotevu huo? Ruzuku ya mitambo ya mafuta inakwenda wapi?

Kamati ilipendekeza mkataba uvunjwe. Novemba 2012, kabla Bunge halijakata shauri, hisa za kampuni zilianza kuuzwa katika soko la hisa la Kampala. Machi 2014 Bunge lilipitisha azimio la kuuvunja mkataba. Serikali haikuuvunja. Hoja ilikuwa kwamba kuuvunja kabla ya muda kungeleta fidia kubwa, na fidia hiyo iliandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Mkataba ukaendelea hadi mwisho wake tarehe 31 Machi 2025.

Hata kuagana hakukuwa rahisi. Katiba ya Uganda, ibara ya 159, inaitaka serikali ipate idhini ya Bunge kabla ya kukopa. Machi 2025 Bunge liliidhinisha mkopo wa dola milioni 190.9 kwa ajili ya kuilipa kampuni. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikadiria dola milioni 118, nazo zikalipwa. Kampuni ikadai zaidi, na shauri likapelekwa kwa wasuluhishi huko London. Tunaona basi kuwa Bunge lilikuwa na meno mahali pamoja tu, nalo ni pale fedha ilipohitaji idhini yake kabla ya kutolewa. Mahali pengine lilikuwa na sauti tu.

Lugha ya hoja

Sisi walimu wa Kiswahili tuna jambo letu katika historia hii. Kampuni ile ilichukua jina la Kiswahili, lakini mijadala ya Bunge la Uganda imekuwa ikiendeshwa kwa Kiingereza, ingawa marekebisho ya katiba ya 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Ng'ambo ya pili, Kiswahili kiliingia katika Bunge la Kenya mnamo Julai 1974 kwa agizo la Rais Kenyatta. Hata hivyo miswada na makadirio ya fedha yalibaki katika Kiingereza. Mtu wa Busia ya Kenya aliweza kusikia hotuba kuhusu stima, lakini hesabu zake hakuweza kuzisoma. Serikali ya Kenya iliposhusha ada ya kuunganishiwa umeme kutoka takriban shilingi 35,000 hadi 15,000 mwaka 2015, wengi walijua ada mpya. Wachache walijua gharama ya mpango ilitoka wapi.

Tutazame Tanzania, ambako lugha ya Bunge ni lugha ya sokoni. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule, chini ya Harrison Mwakyembe, ichunguze mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Ripoti ilisomwa kwa Kiswahili, na taifa zima likaisikia. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na mawaziri wawili. Huko pia swali lilikuja baada ya saini. Lakini lilikuja kwa maneno ambayo kila mwananchi aliyafahamu, kwa hiyo halikuweza kunyamazishwa kwa urahisi.

Hitimisho

Historia ya Tororo na Busia yatufundisha kwamba mikataba mikubwa ya umeme, ya 1949, ya 1955 na ile iliyoanza 2005, ilifungwa kwanza na kuhojiwa baadaye. Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu. Hapa mjukuu alizaliwa bungeni. Njia nyingine kubwa kutoka Bujagali kupitia Tororo hadi Lessos imejengwa, na bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024. Mikataba mingine itakuja, na itakuwa mirefu kuliko umri wa wanafunzi wetu.

Kazi yetu, basi, ni kuwafundisha vijana wa pande zote mbili maneno ya hoja hiyo: mkopo, dhamana, ruzuku, fidia, upotevu wa umeme, muda wa mkataba. Mwalimu aweza kuleta darasani ankara moja ya umeme na kuwataka wanafunzi waeleze kila mstari wake kwa Kiswahili fasaha. Mwanafunzi aliyeweza kuieleza ankara atakapokuwa mpiga kura ataweza kumwuliza mbunge wake habari za mkataba, naye atamwuliza mapema, kabla wino haujakauka.