Lansing na Flint: miji miwili, bomba moja la risasi

Lansing ni mji mkuu wa jimbo la Michigan, nchini Marekani, na wakimbizi wengi Wakongomani wamepata makao huko. Mwezi wa Desemba 2016, mji huo ulimaliza kazi ya miaka 12: kung'oa ardhini mabomba yote ya risasi yaliyokuwa yakiingiza maji katika nyumba za raia. Yalikuwa zaidi ya 12,000. Wakati huo huo, katika mji jirani wa Flint, wakaaji walikuwa bado wanapiga foleni kupata maji ya chupa.

Risasi hiyo ndiyo plomb ya Wafaransa, na ndiyo iliyompa plombier jina lake. Tangu enzi za Waroma mafundi waliipenda kwa sababu ni laini, hukunjika bila kupasuka na hukaa ardhini miaka mingi. Miji ya Marekani ilipotandaza maji mwishoni mwa karne ya 19, kipande cha bomba kinachotoka barabarani hadi nyumbani mara nyingi kilikuwa cha risasi. Chicago hata ililazimisha jambo hilo kwa sheria, mpaka mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipopiga marufuku kuweka mabomba mapya ya aina hiyo. Ila yale yaliyokwisha kuzikwa yaliachwa palepale.

Hatari yake haionekani. Ndani ya maji risasi haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mtoto anayeinywa huharibika ubongo polepole: anachelewa kujifunza, anashindwa kutulia darasani. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake.

Onyo kubwa lilitoka Washington. Mwaka 2000 mji huo ulibadilisha dawa ya kuua vijidudu katika maji. Dawa mpya ilivuruga utando uliokuwa umejijenga ndani ya mabomba ya zamani, na risasi ikaanza kutoka. Raia wengi walijua jambo hilo Januari 2004 tu, kupitia gazeti.

Maji ya Lansing hayakuwa na shida hiyo, lakini mwaka ule ule mji uliamua kutosubiri. Mambo mawili yaliusaidia. Kwanza, shirika la maji, ambalo ni mali ya mji, lilimiliki bomba lote hadi kwenye kompta, kwa hiyo hakuna familia iliyodaiwa pesa. Katika miji mingi bomba ni nusu la mji, nusu la mwenye nyumba. Asiye na pesa hubaki na nusu yake, na kule kukata bomba katikati kunaweza kuongeza risasi katika maji kwa muda. Pili, mafundi waligundua njia nyepesi. Badala ya kuchimba mfereji kupita uani, walichimba shimo upande wa barabara, wakafunga bomba jipya la shaba kwenye ncha ya lile la zamani, kisha wakavuta: la zamani likitoka, jipya linaingia. Kazi ya siku nzima ikawa ya saa chache. Gharama yote ilifika kama dola milioni 44.

Flint ilifuata njia nyingine. Aprili 2014, ikiwa chini ya msimamizi aliyewekwa na gavana, iliacha kununua maji ya Detroit na kuanza kuchota mtoni ili kubana matumizi. Dawa ya kulinda mabomba haikutiwa. Wakaaji walilalamika kuhusu maji machafu, wakaambiwa ni salama. Septemba 2015, daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alionyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi katika damu wameongezeka. Mwezi uliofuata mji ukarudia maji ya Detroit.

Mwaka 2017, mapatano mbele ya mahakama yalilazimisha mabomba yabadilishwe bure. Lakini daftari za mji zilikuwa na makosa, ikabidi kuchimba nyumba kwa nyumba ili kujua nani ana risasi na nani hana. Ni mwaka 2025 tu ndipo jimbo lilipoijulisha mahakama kwamba kazi imekwisha: karibu mabomba 11,000, idadi isiyofikia ile ya Lansing.

Bomba la kwanza la Flint lilitolewa Machi 2016. Waliowaonyesha mafundi wa huko namna ya kulivuta ni wale wa Lansing.