Kompyuta ilivyofichua siri za tamati ya sataranji

MNAMO 1977, Walter Browne, bingwa wa sataranji nchini Marekani, aliweka dau la dola 100 kwamba angeishinda kompyuta. Yeye alibaki na mfalme na malkia. Mashine, mfalme na ngome. Vitabu vilidai kuwa mwenye malkia hushinda bila taabu.

Haikuwa hivyo. Sheria humruhusu mchezaji kudai sare baada ya hatua 50 ikiwa hakuna kete iliyoliwa wala kitunda kilichosogezwa, na hatua hizo zilimwishia Browne mikononi ilhali 31 zingetosha. Alirudi baadaye baada ya kujinoa, akaila ngome katika hatua ya 50 hasa.

Programu hiyo ilibuniwa na Ken Thompson wa maabara za Bell. Haikubahatisha lolote. Ilianzia pale mfalme alipokwisha kunaswa, kisha ikarudi kinyumenyume hatua baada ya hatua, hadi kila mpangilio wa kete hizo ukajulikana kuwa ni wa ushindi, sare au kushindwa. Mwaka wa 1983 Thompson alionyesha kwa njia hiyo kwamba maaskofu wawili humshinda farasi mmoja, jambo lililokanwa tangu 1851.

Majedwali hayo yasichanganywe na injini kama Stockfish. Injini hutazama mbele na kukadiria; jedwali linajua. Ndiyo maana mchambuzi makini haamini upesi alama kubwa inayotolewa na injini. Ikiwa upande mmoja unaongoza kwa alama nyingi lakini hatua 20 zikichezwa alama hazipandi, huenda mpinzani amejenga boma lisilovunjika, na mchezo ni sare. Dawa ni kujaribu kubadilishana kete hadi zibaki saba, wafalme wakiwemo, kisha kuuliza jedwali. Majedwali ya Syzygy ya kete saba, yaliyokamilika 2018, yanajaza takriban terabaiti 17.

Hata hivyo, kujua si kueleza. Majedwali ya Lomonosov, yaliyokokotolewa Moscow mwaka wa 2012, yalitoa mpangilio wa kete saba ambao ushindi wake huchukua hatua 549. Hakuna binadamu awezaye kueleza sababu ya nyingi kati yazo, na katika mashindano ya kawaida sheria ya hatua 50 ingemwokoa anayeshindwa mapema mno.